Kidole Nilichochovya

Machi 11. Mvua: milimita 14.
Masika yameanza. Nimefungua daftari jipya, maana mtu aliyeandika mvua kila asubuhi kwa miaka thelathini na moja hawezi kuacha eti kwa sababu amepewa barua ya kwaheri na saa ya ukutani. Kipima mvua changu kipo uani, mbali na ukuta na mbali na miti kama kanuni inavyotaka. Mke wangu huanika mashuka karibu nacho ili tu kunichokoza. Nimestaafu mwaka wa tisa huu, lakini watu bado wananiita Bwana Shamba. Anayefanya kazi yangu sasa ni msichana mwenye pikipiki na vijiji kumi na viwili, nao wanamwita Bibi Shamba. Aliponipita leo nilimwambia watu wapande, wasingoje mvua ya pili. Akasema ameshawaambia tangu jana. Basi, mzee nikarudi kwenye kipimo changu.

Machi 12. Mvua: 9.
Wanapanda.

Machi 19. Mvua: 22.
Leo taarifa ya habari ya mchana imenikuta na tonge mkononi. Maofisa ugani wote waliofanya kazi katika kampeni ya ile dawa nyeupe ya viwavi, wastaafu na walioacha kazi wenyewe, wanatakiwa kufika hospitali ya wilaya kupimwa damu na mishipa ya fahamu. Zoezi litaendelea hadi mwisho wa Juni. Mtangazaji akasema kwamba baadhi yao wameshafariki. Ni wangapi hakusema, akahamia kwenye michezo.

"Wanakuita wewe hao," mke wangu akasema.

"Wanaita wagonjwa. Mimi naumwa nini?"

"Wamesema wote. Au wewe si wote?"

Nikasema nitakwenda mvua ikipungua. Tonge lenyewe nililirudisha kwenye sahani.

Machi 20. Mvua: 6.
Dereva amenipigia simu. Ndiye aliyeniendesha kwenye gari la idara miaka yote ya kampeni ile, na tumezeeka kwa pamoja kwa simu. Alikuwa na orodha: Mrefu wa kanda ya milimani amekufa. Wale wawili waliokuwa wakikaa nyumba moja wamekufa, mmoja mwaka juzi, mmoja Januari. Karani wa stoo yu hai, lakini mkewe ndiye anayemlisha kwa kijiko. Ilianza kwa mikono kutetemeka, anasema, kisha ulimi ukawa mzito.

"Na wewe?" nikamuuliza.

"Mimi nilikuwa nashika usukani na sabuni tu," akajibu, akacheka.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Yeye alicheka, mimi sikucheka.

Machi 21. Mvua: 11.
Kusoma kipimo lazima uinue chupa hadi usawa wa macho. Leo maji yalitikisika ndani ya chupa. Nilishika kwa mkono wa pili, yakatulia. Huenda ni upepo.

Machi 22. Mvua: 0.
Hapakuwa na upepo.

Machi 29. Mvua: 17.
Naogopa, na nitaandika hivyo hivyo. Kila asubuhi natoka uani kabla mke wangu hajaamka, nainua chupa na kuangalia maji badala ya kusoma milimita. Siku nyingine yanatulia, siku nyingine hayatulii. Ukiogopa mkono unatetemeka, na mkono ukitetemeka unaogopa zaidi, kwa hiyo kipimo hiki hakinipimi kitu. Hata hivyo nimeendelea.

Aprili 2. Mvua: 8.
Viwavi wameingia. Mahindi yamefika magotini na majani ya kati yametobolewa kama kichungi. Bibi Shamba alikuja kuniletea kiwavi ndani ya kiberiti, kana kwamba mimi simjui. Alipiga hodi, akanipa shikamoo, akakataa kiti.

"Mzee, idara inasema dawa mpya itafika baada ya wiki tatu."

"Wiki tatu viwavi watakuwa wamemaliza, wamenawa na kuondoka."

"Ndiyo hofu yangu. Na watu nao hawatakaa kungoja."

Aprili 5. Mvua: 3.
Hofu yake ilikuwa sahihi, ila hakujua chanzo. Mzee Bomba ana mapipa mawili ya ile dawa nyeupe chini ya turubai, nyuma ya zizi lake. Kampeni ilipofungwa aliyaomba yasirudishwe, akasema ni akiba. Nani aliyemwachia? Mimi. Nilisaini kwamba yametumika.

Mzee Bomba alikuwa mkulima wangu wa mfano. Jina hilo alilipata kwa sababu bomba la kupulizia dawa lilikuwa mgongoni mwake muda wote, watu wakasema analala nalo. Binti yake sasa ndiye Mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, mwanamke asiyependa maneno mengi. Ametangaza kwamba Jumamosi ya wiki ijayo mapipa yatafunguliwa, na kila mwanachama aje na ndoo.

Bibi Shamba aliwaendea leo kuwaambia kwamba dawa ile imepigwa marufuku, inaua. Wakamjibu kwa heshima. Wakamwambia Bwana Shamba aliilamba mbele ya macho yao, mwaka baada ya mwaka, na huyo hapo, mzima kama jiwe la kusagia.

Akaja kwangu moja kwa moja.

"Mzee, njoo uwaambie. Wewe watakusikia."

"Wafuate maelekezo yako," nikasema. "Waambie mimi nimesema hivyo."

"Hawataki maneno niliyotumwa. Wanataka kukuona. Ulilamba kweli?"

Nikamwambia mambo ya zamani ni marefu. Akaniangalia, akavaa kofia yake ya pikipiki. Alisema ameshaandika barua wilayani na hajajibiwa, na kwamba akiita polisi mapipa yatahamishwa kabla hawajafika, na hakuna mlango utakaofunguliwa kwake tena. Alikuwa na machozi ya hasira. Nilimwacha aondoke.

Aprili 6. Mvua: 0.
Maji yametikisika.

Aprili 9. Mvua: 5.
Nimekwenda kwa Mzee Bomba. Njiani nilijiambia nakwenda kumjulia hali tu, maana ujasiri wangu siku hizi unahitaji kudanganywa ndipo utoke nyumbani.

Alinikaribisha kwa furaha iliyonichoma. Tukaletewa chai. Yake aliishika kwa mikono miwili, na bado ikamwagika kwenye magoti. Binti yake akampangusa. Inaelekea hufanya hivyo kila siku.

"Uzee, ndugu yangu," Mzee Bomba akasema. Neno "ndugu" lilitoka polepole, kama mtu anayevuta kiti kizito. "Sasa bomba nimemkabidhi huyu. Jumamosi ndiye atakayeonja."

"Kuonja nini?"

"Dawa. Si ulitufundisha? Hatujawahi kufungua msimu bila kuonja. Mimi nililamba miaka yote, na baada ya kampeni nikaendelea na akiba yangu mpaka mikono ilipokataa. Mwenye bomba huchovya kidole, analamba, watu wanaona, roho zinatulia. Ndiyo heshima yenyewe."

Mwenyekiti akasema hana wasiwasi, kwani tangu akiwa mtoto alimwona baba akilamba. Mwanawe mdogo alikuwa mgongoni mwake, amelala. Nilikuwa na maneno mdomoni na chai ikayasukuma chini. Nikaaga.

Aprili 10. Mvua: 0.
Nitaandika hapa kwanza, ili mkono uzoee.

Sikulamba. Sikuwahi kulamba hata siku moja.

Tulifundishwa na mkuu wetu wa kanda, wiki ya kwanza ya kampeni. Wakulima waliiogopa dawa kwa sababu ilikuwa na harufu kali na mbwa waliikimbia. Mkuu akatuambia mkulima haamini karatasi, anaamini mdomo wa mtu. Unakoroga dawa kwenye ndoo mpaka inakuwa nyeupe kama maziwa. Unachovya kidole cha shahada, unakiinua wote wakione. Unatoa mzaha kidogo, macho yao yahamie usoni kwako. Kisha mkono ukifika mdomoni unakunja kile cha shahada na kulamba cha kati, ambacho ni kikavu. Tulifanya mazoezi kwa maji ya chokaa, tukicheka mpaka mbavu zikauma. Nilikuwa mwepesi kuliko wote.

Baada ya mkutano nilikuwa naenda nyuma ya gari, na Dereva alikuwa ananingoja na maji na sabuni. Nilinawa mara tatu. Mtu anayenawa mara tatu anajua anachonawa. Siwezi kusema sikujua.

Sikufikiri kwamba kuna mtu atakayeiga. Nilidhani nafanya mchezo wa kufungua milango, mlango ukifunguka mchezo umekwisha. Kumbe mwenzangu aliondoka nao, akaufanya sala ya kila msimu.

Aprili 11. Mvua: 2.
Nimemwambia mke wangu. Alikuwa anachambua maharage na hakuinua kichwa.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua tangu lini?"

"Wewe ukinywa dawa ya kikohozi unasuuza mdomo mara nne na kulalamika mpaka kesho. Wewe ulambe sumu ya wadudu? Nilijua siku ya kwanza. Nikadhani wote mnajua, kwamba ni mambo yenu ya kazini."

"Mzee Bomba hakujua."

Hapo akaacha maharage.

Nilimweleza habari ya Jumamosi, ya binti, ya kidole. Nikamwambia naogopa. Watanipiga. Watasema niliwaua. Pengine watanishtaki, na saini yangu iko kwenye yale mapipa. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mficha uchi hazai," akasema. "Kesho nitakupigia pasi lile shati jeupe."

Aprili 12, Jumamosi. Mvua: sikusoma.
Watu walikuwa kama sitini uani kwa Mzee Bomba, kila mtu na ndoo yake. Mapipa yalikuwa yameviringishwa mpaka katikati. Mzee mwenyewe alikalishwa mbele kwenye kiti. Bibi Shamba alisimama kando ya pikipiki yake, mikono kifuani, amechoka kusema. Mke wangu alikuja nami. Alibeba sabuni kwenye kanga na hakuniambia ni ya nini.

Nilifika pipa la kwanza limeshafunguliwa. Harufu ile ilinipiga. Nilikuwa nimeisahau. Mwenyekiti alikuwa amekoroga ndoo moja kwa kijiti na ameshakunja mkono wa blauzi.

"Ngoja, mama," nikasema. "Ngoja nianze mimi, kama zamani."

Watu walishangilia. Mtu mmoja akamwambia Bibi Shamba, "Umeona sasa?" Mzee Bomba alijaribu kupiga makofi na viganja havikukutana vizuri.

"Mzee, usiguse," Bibi Shamba akasema.

Nilikuwa nimepanga kusema. Hotuba nzima nilikuwa nayo. Lakini nilipozitazama zile nyuso nikaona maneno hayatapita. Wangesema nimetumwa, wangesema serikali imeninunua ili viwavi wamalize mahindi. Watu hawa niliwazoesha mimi mwenyewe kutoamini karatasi.

Basi nikachovya. Kidole cha shahada, hadi pingili ya kwanza, nikakiinua wote wakakiona. Mkono ulikuwa unatetemeka waziwazi. Nikatoa mzaha wangu wa zamani, kwamba mke wangu akikosea chumvi nitamletea hii. Wakacheka. Nikapeleka mkono mdomoni, nikalamba.

"Mmeona nimelamba?"

"Tumeona."

"Wote mmeona?"

"Wote."

Nikaunyoosha mkono mbele yao, vidole vimetengana. Kile cha shahada kilikuwa bado cheupe, dawa imeanza kukauka. Nikakigusa cha kati kwa dole gumba. "Nilicholamba ni hiki," nikasema. "Kile nilichochovya sijakigusa kwa ulimi tangu nianze kazi hii."

Hawakuelewa mara moja. Mama mmoja akaomba nirudie. Nikarudia polepole, hatua kwa hatua, pasipo mzaha, mpaka hata walio nyuma wakaona kidole kinavyokunjwa. Niliwaambia juu ya mkuu wa kanda na mazoezi ya chokaa. Niliwaambia kuhusu sabuni nyuma ya gari. Niliwaambia kuhusu Mrefu na wale wawili wa nyumba moja, na karani anayelishwa kwa kijiko, ambao hawakuilamba, waliishika tu kwa mikono mitupu kama mimi. Nikamaliza maneno. Mtoto wa Mwenyekiti akaanza kulia.

Mzee Bomba alikuwa anautazama mkono wake juu ya goti. Ulikuwa hautulii.

"Mimi nililamba hiki," akasema. Akakinyoosha kidole cha shahada, kikachelewa kunyooka. "Hiki chenyewe nilichochovya."

Nikasema, "Najua, ndugu yangu."

"Usiniite hivyo."

Binti yake alimwaga ile ndoo ndani ya pipa, akafunika, kisha akamwinua baba yake na kumwingiza ndani. Watu waliondoka na ndoo tupu. Hakuna aliyenigusa na hakuna aliyeniaga. Mke wangu alinimwagia maji, nikanawa, yeye akihesabu mara ngapi.

Aprili 14. Mvua: haijulikani.
Kipima mvua kimepondwa. Tumekikuta hivyo asubuhi, chupa vipande vipande, na jiwe limeachwa juu yake. Mke wangu alitaka kumjua aliyefanya. Nikamwambia asiulize.

Aprili 17. Mvua kubwa.
Dukani muuzaji alinihudumia wa mwisho, ingawa nilifika wa kwanza. Nalala nikisikiliza kila hatua nje, na mchana sina ninachofanya. Bila chupa siwezi hata kujua kama mkono wangu umetulia.

Aprili 24. Manyunyu.
Dawa ya idara imefika, na lori la wilaya limekuja kuchukua mapipa. Niliandika maelezo yangu na kukiri ile saini. Ofisa akayakunja, akasema nitaitwa. Sijaitwa, na kila gari likipunguza mwendo hapa nje nachungulia dirishani. Robo ya mahindi imekwenda na viwavi. Wapo wanaosema robo hiyo ni deni langu, na wapo wanaosema heri robo ya shamba kuliko roho ya mtu. Bibi Shamba hakusema lolote kati ya hayo. Alikaa kwenye kiti kwa mara ya kwanza, akanywa chai.

Mei 9. Jua.
Nimepita mbele ya nyumba ya Mzee Bomba. Alikuwa barazani. Nilimsalimia, akageuza uso.

Mei 30. Jua.
Dereva amekwenda kupimwa. Kumbe hata yeye, pamoja na sabuni yake. Majibu bado. Siku hizi akipiga simu hachekicheki.

Juni 12. Jua kali.
Wanavuna. Hakuna aliyeniita.

Juni 27. Jua.
Zimebaki siku tatu zoezi lifungwe. Leo mke wangu alifunga mlango wa nyumba tukiwa wote nje, akatia ufunguo kwenye mkoba na kusema utafunguka nikitoka hospitali.

Korido ilikuwa na benchi moja refu. Nilikaa na wazee wengine tisa, kila mmoja akiangalia mikono ya mwenzake kwa kuibia. Mle ndani wanakuambia unyooshe mikono na ufumbe macho. Niliwaona wakitoka, na sikuweza kusoma nyuso zao. Nilikuwa naogopa kiasi cha kutaka kwenda msalani na kurudi nyumbani kwa dirisha, mzee mzima.

Ndipo nikasikia sauti ya Mwenyekiti dirishani kwa karani wa mapokezi.

"Ameipuliza na kuilamba zaidi ya miaka ishirini. Mtazame tu."

"Sikatai, mama. Lakini fomu ni za watumishi. Baba alikuwa mkulima."

"Kwa hiyo sumu inachagua?"

"Mama, mimi nafuata orodha. Mleteni kliniki ya kawaida, mtapangiwa tarehe."

Mzee Bomba alisimama nyuma yake, ameshika ukuta. Amekonda sana tangu Aprili. Hawakuwa wameniona. Nikawaona wakigeuka kuondoka, na nikajua kwamba nikikaa kimya watafika mlangoni, watatoka, na mimi nitaitwa, nitaingia.

Kadi yangu ya ustaafu ilikuwa mkononi. Picha yake imefifia, kimebaki kichwa tu, kichwa cha mzee yeyote. Niliwafuata nikampa.

"Ingia wewe," nikamwambia. "Wakiita Bwana Shamba, inuka."

Mwenyekiti alimtazama baba yake. Yeye aliigeuza kadi, akaangalia mbele, akaangalia nyuma, akanitazama vidole.

"Hii ndiyo yenyewe?" akauliza.

"Ndiyo yenyewe."

"Na wewe?"

"Mimi sijui. Nitakaa hapa."

Hakunishukuru. Alikaa benchi, nafasi yangu, nami nikasimama ukutani karibu na binti yake. Nilifikiria majibu yatakayotoka kwa jina langu, na mkono wangu ambao hautajulikana mwaka huu, pengine hautajulikana mpaka uache kushika kijiko. Hofu haikupungua.

Nesi akaita. Nilijizuia nisiitike. Mzee Bomba akainuka, binti akamshika hadi mlangoni, akaingia peke yake. Mlango haukufunga vizuri. Tulimsikia daktari akimwambia anyooshe mikono, kisha akamuuliza kama katika kazi yake ya ubwana shamba aliwahi kuionja dawa ile.

"Ndiyo," Mzee Bomba akajibu, polepole, kwa jina langu. "Nililamba kila msimu. Mbele ya watu wote."